Namba Sita Mmoja Hatoshi

Kikosi cha Simba hutangazwa kama saa moja kabla ya mpira kuanza. Kijiweni kwetu Tabata huwa kimeshapangwa tangu asubuhi, tena vikosi vinne tofauti, na kila mwenye chake anashangaa kwa nini kocha hajampigia simu. Kikishatoka, wote tunainamia simu moja yenye kioo kilichopasuka. Wa kwanza kukisoma hataji jina la mtu. Anaguna tu: "Mh!" Ukiisikia hiyo, jua kapangwa kiungo mkabaji mmoja.

Hapo ndipo ilipo kesi yangu na mabenchi yote ya ufundi yaliyowahi kupita Msimbazi. Mimi ni mtu wa namba sita wawili. Sijali kocha katoka Ulaya, Brazil au Afrika Kusini, wala leseni yake ni ya daraja gani. Nipangie wakabaji wawili mbele ya mabeki wa kati, halafu huko mbele chezesha hata ngoma. Nani anasikia? Anapangwa mmoja. Mpira ukianza, beki wa kulia kapanda, wa kushoto naye kapanda asionekane mvivu, namba kumi anaomba pasi kwa mikono miwili huku kasimama, na yule kijana mmoja kaachiwa katikati yote ailinde na mapafu yake. Tukipoteza mpira pale, mashabiki wote tunasimama. Si kwa kushangilia.

Siku moja niliamua kulifundisha jambo hili kwa vitendo. Kijiwe chetu kina ubao wa drafti, na kete zake ni vizibo vya soda: timu moja vimelala chali, nyingine vimelala kifudifudi. Nikawaomba wachezaji wapumzike kidogo, nikaipanga Simba kwa vile vya chali, 4-2-3-1, kipa nikamtafutia kizibo chenye kutu ili atambulike. Kila upande una kete 12, kwa hiyo nilibaki na mchezaji mmoja wa akiba, na papo hapo watu watatu wakadai huyo ndiye aanze. Nikawapuuza. Nikaanza kuonyesha wakabaji wangu wawili wanavyoziba njia, mmoja akitoka mwingine anabaki, na watu walishaanza kunielewa. Mara mzee mmoja, aliyekuwa akiongoza ile drafti kabla sijaivuruga, akanyoosha mkono, akamchukua namba sita wangu wa pili na kumrudisha kwenye mraba wake wa zamani.

"Hii ilikuwa inakwenda kuwa kingi, kijana wangu. Usiniharibie."

Tukabaki na mkabaji mmoja. Mpinzani wake akala kete mbili katikati.

Wanaonipinga hunitupia msimu wa 2018/19. Msimu ule kila shabiki alitaka Okwi, Kagere na Bocco waanze pamoja, na aliyeuliza nani atakaba aliambiwa akashabikie mieleka. Kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Dar es Salaam tuliwapiga JS Saoura 3-0, Al Ahly 1-0 na AS Vita 2-1, Chama akifunga lile la ushindi dakika za lala salama, nami nikamkumbatia mtu ambaye hadi leo sijui ni nani. Ugenini sasa! AS Vita walitupiga tano. Al Ahly wakatupiga tano. Saoura wakaona aibu, wakatupiga mbili. Jumla tulifunga mabao 6, yote nyumbani, na tukafungwa 13, kati ya hayo 12 ugenini. Tukamaliza wa pili kwa pointi 9 na kuingia robo fainali.

Hesabu hiyo kila mtu huisoma anavyotaka. Wapenda kushambulia husema: unaona, tulivuka. Mimi nasema: unaona, tano, tano. Na kwenye robo fainali TP Mazembe walitubana 0-0 Dar, tulipowafuata Lubumbashi wakatufunga 4-1. Namba sita wawili, ndugu zangu.

Mzee wa drafti, ambaye hatuelewani kwa lolote lingine, hapa yuko upande wangu. Yeye bado anaishi mwaka 2003, Simba ilipowang'oa Zamalek waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Tulishinda 1-0 Dar, tukafungwa 1-0 Cairo, tukavuka kwa penalti, Juma Kaseja akiwa golini. Ukimuuliza tulitumia mfumo gani, mzee anajibu kwa neno moja: "Tulikaba." Haelezi zaidi, anasogeza kete.

Haya yote ningeyavumilia kama ningeoa kwingine. Mke wangu ni Yanga, baba yake ni Yanga, mashemeji zangu wote ni Yanga, na siku ya posa nilipewa soda ya chungwa niliyodhani ni ukarimu, kumbe ilikuwa ya njano. Tarehe 5 Novemba 2023 tuliangalia mechi ya watani sebuleni, mimi na yeye. Musonda aliwatangulizia mapema, Kibu Denis akasawazisha, tukaenda mapumziko 1-1. Nikamweleza mke wangu, ambaye hakuniuliza, kwamba sasa ni wakati wa kuingiza mkabaji wa pili tufunge duka. Kipindi cha pili Nzengeli akafunga, Aziz Ki akafunga, Nzengeli tena, Pacome akamalizia kazi. Tano moja. Watu waliwalaumu mabeki. Mabeki walikuwa mashahidi tu. Mauaji yalifanyika katikati ya uwanja.

Usiku ule kulikuwa na chapati na maharage. Sahani ya mke wangu ilikuwa na chapati tano, yangu ilikuwa na moja. Hakusema neno. Nikala ile moja polepole, huku watoto wakinitazama jinsi mtu anavyotazamwa hospitalini.

Alfajiri ikaita simu ya baba mkwe. Mkwe hapigi simu saa hizo ila pawe na msiba, nikapokea nikiwa nimeshasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema. Akavuta pumzi. "Marahaba. Marahaba. Marahaba. Marahaba."

Nikazihesabu.

"Nilitaka tu kujua mmeamkaje huko."

Mkwe hajibiwi. Angekuwa rafiki ningempa maneno yake, angekuwa shemeji ningemkatia simu, lakini huyu nilimpelekea mahari kwa miguu yangu mwenyewe. Nikasema, "Tumeamka salama, baba, tunamshukuru Mungu." Akanitakia kazi njema, akakata. Kwenye daladala konda alinirudishia chenji kwa sarafu za mia, tano, akanifunulia kiganja kizima ili nizione. Siku chache baadaye kocha wetu akaondoka. Baba mkwe wangu yupo.

Kinyozi wangu naye ni wa huko huko kwa kina mkwe. Nimewahi kufikiria kuhama, lakini ana mkono mwepesi na foleni yake fupi. Wiki ile nilikaa kitini kwake nikijua yatakayofuata.

"Kaka, nyie tatizo lenu si kiungo," akaanza, mashine ikiunguruma. "Mabeki wenu wa pembeni wanapanda wote kwa mpigo. Nyuma panabaki peupe."

"Peupe wapi?" nikauliza kwa ubishi.

"Hapa!" akasema, na mashine ikapanda kutoka nyuma ya sikio la kushoto hadi karibu na utosi.

Duka zima likanyamaza. Nikatazama kiooni, nikaiona nafasi aliyoiacha beki wetu wa kushoto, pana na ndefu, mtu angeweza kupita nayo bila kuguswa. Kinyozi akaomba radhi sana, akasema ni mazungumzo. Kusawazisha kulikuwa na njia moja tu. Nikatoka pale kipara, na bei ilikuwa ile ile. Nyumbani mke wangu aliniuliza kama ni nadhiri. Hoja ya kinyozi, hata hivyo, ilikuwa na ukweli ndani yake: mabeki wa pembeni wakipanda wote, namba sita mmoja hawezi kuziba kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nasema wawe wawili. Nilimwambia hivyo wakati ananipangusa, akaniambia niinamishe kichwa.

Kwenye usajili, sisi mashabiki tusiulizwe kabisa. Mchezaji mpya tunamjua kwa video ya dakika tatu yenye muziki mkubwa. Ndani yake hapotezi mpira hata mara moja, anapiga chenga watu wanne, anatoa pasi za kisigino. Kumbe fundi hasa ni aliyeikata video. Tunakwenda kumpokea uwanja wa ndege na vuvuzela. Dirisha dogo likifunguliwa, wale wale waliombeba mabegani wanataka apewe mkono wa kwaheri arudi alikotoka, na wanamjua mwingine, wana video yake.

Na anayependwa kuliko wote ni yule asiyecheza. Kijana wa benchi hajawahi kupoteza pasi, hajawahi kukosa penalti, na akinyanyuka tu kupasha misuli jukwaa zima linaimba jina lake. Kocha anaonekana mchawi kwa kumficha. Akiingizwa dakika ya 70, ikifika ya 75 tumeshaanza kumuulizia aliyebaki kwenye benchi. Sisemi kwamba makocha hawakosei. Yuko beki mmoja, jina silitaji kwa sababu ana mama, ambaye alianza mechi nyingi kiasi cha kunifanya niamini kuna mkataba tusiousoma.

Chama ndiye mfano wangu mkubwa. Alipokuwa kwetu tulisema hakabi, mvivu, anacheza mechi anazozitaka. Mwaka 2021 akaenda RS Berkane ya Morocco, tukalia. Januari 2022 akarudi, tukashangilia wiki moja, kisha tukaendelea na hoja ya kukaba. Mwaka 2024 akahamia Yanga. Siku hiyo hiyo kijiwe kizima kilikumbuka kila pasi aliyowahi kuitoa, na aliyepiga kelele zaidi ni yule aliyekuwa akimwita mzigo. Mimi nilinyamaza. Msimamo wangu juu ya Chama haujawahi kubadilika: hakabi, ni kweli, na hapaswi kukaba. Mtu wa kumkabia ndiye tuliyemkosa, nadhani mmeshajua ni namba gani.

Mei 2025 tukafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mechi ya kwanza ugenini kwa hao hao RS Berkane. Nikawahi kibanda umiza, nikapata benchi la mbele, nikakaa. Wachezaji wanapeana mikono, umeme ukazima. LUKU imekwisha. Kijana akatumwa mbio kununua, akarudi, tokeni ikaanza kusomwa kwenye giza kwa mwanga wa simu, tarakimu 20, na watu mia wanasaidia kuisoma. Aliyekuwa akibonyeza akakosea karibu na mwisho. Wakaanza upya. Picha iliporudi, robo saa ya mchezo ilishapita na ubao unasomeka 2-0.

Wakatokea waliodai kiingilio chao. Mwenye kibanda akagoma, akasema mechi bado ipo na dakika zilizobaki ni nyingi kuliko zilizopita. Hakusema uongo, ila mabao yote ya mechi ile yalikuwa yameshaingia tukiwa gizani. Nikawaeleza jirani zangu kwamba tumefungwa kwa sababu katikati palikuwa wazi.

"Umeyaona hayo mabao?" akauliza mmoja.

Sijayaona. Sikuhitaji kuyaona. Marudiano yakachezwa Zanzibar, Amaan, tukatoka 1-1, kombe likabaki Morocco.

Kwa hiyo kocha uliyepo sasa, na wewe utakayemfuata, maana kiti hicho hakikaliwi muda mrefu, ombi langu ni fupi. Ugenini, namba sita wawili. Nyumbani fanya unavyotaka, sisi tutapiga kelele. Mechi ya Yanga nayo ihesabu kuwa ya ugenini, hata ikichezwa Kwa Mkapa, maana filimbi ya mwisho ikilia wewe unarudi hotelini na mimi narudi kula kwa watu wa Yanga.