Bakora ya Mzee Aliyetoka Jela

Waheshimiwa wazee wa Majengo, akina mama mliokuja na mandazi yenu, nanyi vijana mliojibanza mlangoni ili msilipe: tulieni. Nimeombwa niwaelimishe juu ya filamu za kisasi za Wajapani. Aliyeniomba ni mimi mwenyewe, baada ya kukosekana mwingine mwenye sifa.

Kwanza niwatoe ujinga. Ninyi stelingi yeyote akishika chuma mnamwita samurai. Yule mzee kipofu wa filamu hizo, Zatoichi, kazi yake ni kukanda watu misuli na kucheza kamari. Mtu wa kawaida hakuruhusiwa kutembea na upanga mrefu, ndiyo maana wake kauficha ndani ya bakora. Bakora! Hapa Nyeri kila mzee anayo, na sijaona hata moja iliyotoa kitu isipokuwa mchwa.

Sasa tuingie kwenye kina. Katika filamu ya 1989, ya 26 tangu ile ya kwanza ya 1962, mwigizaji wake Shintaro Katsu ana miaka 57, na Zatoichi tunamkuta yuko jela. Anatoka. Ndugu zanguni, mtu akitoka jela yetu ya King'ong'o hatafuti adui. Anatafuta chai ya maziwa, nauli, na jirani wa kumnong'oneza kama mke bado yupo. Magoti yamekaza kwa baridi ya mlima. Huyu apate wapi pumzi za kufyeka watu kabla hata hajanyoa ndevu?

Tena kisasi huko Japani kilikuwa na makaratasi. Samurai mwenye kutaka kumlipizia babake alipaswa kuandikisha nia yake kwa wakubwa, kama wewe unavyofuata barua kwa chifu. Mwaka 1873 serikali ikakipiga marufuku kabisa. Hebu mfikirie aliyefika dirishani siku hiyo, upanga umenolewa, anaambiwa huduma imefungwa!

Mnataka mpiganaji wa kweli? Waruhiu Itote, Jenerali China. Alipelekwa Burma na King's African Rifles kupigana na hao hao Wajapani. Akarudi, akaingia msituni kupigana na wakoloni, akakamatwa Januari 1954, akahukumiwa kifo hapa hapa Nyeri, akaponea chupuchupu, akafungiwa Lokitaung. Akaachiliwa 1962, mwaka ule ule Zatoichi alipoingia sinema! Mnasema ni sadfa. Msomi hana sadfa. Naye alimfyeka nani? Alikwenda kuwa kiongozi katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, akisimamia vijana wenye majembe.

Naona mkono. Wewe mwenye kikombe cha uji. Unauliza mwishoni mzee anamuua nani? Swali la kitoto. Mzee alipotoka tu jela, stima zikapotea Majengo nzima, na mwenye video akakataa kunirudishia shilingi zangu ishirini. Ndiye yule pale nyuma, anayejifanya anahesabu viti.

Nipisheni. Bakora yangu niliiegemeza wapi?