Gasketi ya Silinda Hedi na Kioo cha Meza ya Sebuleni

Gasketi ya silinda hedi ni kipande chembamba kinacholala kati ya bloki, yaani mwili wa injini wenye matundu ya pistoni, na silinda hedi, yaani kifuniko chake kinachobeba valvu na plagi. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu ambavyo havikuumbwa kukaa pamoja, navyo ni moto wa petroli, oili ya kulainisha na maji ya kupoza. Kikiwa kizima hakuna mwenye gari anayekumbuka kwamba kipo. Lakini siku kinapoungua, maji huingia kwenye oili na kuifanya ifanane na chai ya maziwa, moshi mweupe hufuka kwenye ekzosi, na majirani ambao hawajawahi kufungua hata boneti hugundua kwamba wao ni mafundi wa siku nyingi.

Mara nyingi chanzo cha ajali hii ni gari kuchemsha. Katika injini ya Toyota iitwayo 4A-FE, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 1,587 na inayopatikana katika Corolla nyingi za miaka ya 1990, silinda hedi ni ya alumini na bloki ni ya chuma cha kusubu. Na kwa kuwa alumini hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma, joto likipita kiasi silinda hedi hupinda na gasketi iliyobanwa katikati hulipia gharama. Sindano ya joto ikigusa herufi H, kanuni za fizikia humtaka dereva azime injini papo hapo, ilhali kanuni za Dar es Salaam saa kumi na mbili jioni humnong'oneza kwamba kutoka Buguruni hadi Tabata si mbali. Mwenye gari anayehusika na makala haya alizifuata kanuni za pili.

Gari lake, ikumbukwe, halikuwa na thamostati, yaani kile kilango kidogo kinachofunguka kwenye nyuzi 82 hivi za Selsiasi ili kuruhusu maji yaende kwenye rejeta. Fundi mmoja wa zamani alikuwa amekitoa kwa hoja kwamba nchi yenye joto haikihitaji, hoja ambayo inapendwa sana na haina msingi wowote, kwa sababu injini inahitaji kufikia joto lake la kazi hata ikiwa dereva anatoka jasho. Gereji ilipotaja bei ya kufungua injini, mwenye gari alitafakari kwa muda, akatazama spana zake, kisha akatangaza nyumbani kwamba kazi hiyo ingefanyika Jumamosi chini ya mwembe.

Bolti za silinda hedi katika injini hiyo ni kumi, nazo hulegezwa kidogo kidogo kuanzia pembeni kuelekea katikati, ili kifuniko kisipinde zaidi ya kilivyopinda. Jambo linalosahauliwa ni kwamba hazilingani: za upande wa kuingizia hewa zina urefu wa milimita 90, na za upande wa ekzosi zina milimita 108. Bolti ndefu ikiingizwa penye tundu la fupi hugota chini kabla ya kubana, na fupi ikiwekwa mahali pa ndefu hushika nyuzi chache tu za skrubu. Kwa kulijua hilo, mwenye gari alichora umbo la silinda hedi juu ya boksi la biskuti, akalitoboa matundu kumi, na kuichomeka kila bolti mahali pake kwa unadhifu ambao ungemridhisha mwalimu yeyote wa ufundi. Mwanawe wa darasa la pili, hata hivyo, hakuona kielelezo bali aliona daladala iliyojaa, akaiendesha hadi uani na kuwashusha abiria wote kituo cha mwisho.

Wakati huo baba yake alikuwa akisafisha mabaki ya gasketi ya zamani. Kupinda kunakovumilika kwenye uso wa silinda hedi hiyo ni milimita 0.05 tu, na kwa kuwa katika nyumba nyingi hakuna kitu kilichonyooka kuliko kioo kinene, alikichukua kioo cha meza ya sebuleni, akakitandika msasa laini na kuanza kusugua.

“Baba watoto, kioo cha meza kimekwenda wapi?”

“Kiko kazini.”

Ni haki kusema kwamba njia hii hufaa kwa kuondoa uchafu tu. Silinda hedi iliyopinda hupelekwa kwa mwenye mashine ya kuchonga vyuma, na ndiko ilikopelekwa Jumatatu, baada ya mikono kuvimba na meza kupata mikwaruzo isiyofutika.

Wakati wa kurudishia, bolti hufungwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwanza kwa mkazo wa newtoni-mita 29 unaosomwa kwenye spana maalumu ya kupimia, ambayo iliazimwa, kisha kila moja huzungushwa nyuzi 90, na nyuzi 90 tena. Mizunguko hiyo hufuatiliwa kwa alama ya rangi kwenye kichwa cha bolti, na rangi pekee iliyopatikana ilikuwa ya kucha, nyekundu, iliyokuwa imetunzwa kwa ajili ya harusi ya shemeji. Ama urefu wa abiria walioshushwa uani, ulipimwa mmoja mmoja kwa rula ya shule, kwa uangalifu ambao mwenye rula hakuwahi kuutumia katika hesabu.

Gari liliwaka mara ya pili. Thamostati mpya imewekwa, na sindano hukaa chini kidogo ya nusu hata kwenye foleni ya Buguruni, wakati meza ya sebuleni imevalishwa kitambaa kirefu zaidi. Rula bado imo kwenye sanduku la spana, na mwenyewe huazima ya jirani yake wa dawati.