Barua ya Wazi Kuhusu Soda ya Wacheza Ngoma

Kwa waheshimiwa waandaaji wa hafla, Dodoma.

Kikundi cha ngoma ya Kigogo hualikwa kwa simu, jioni ya kuamkia shughuli. Wachezaji hutakiwa uwanjani saa moja asubuhi; mgeni rasmi hufika saa tano. Muheme ni ngoma ya akina mama, hupigwa ikiwa imebanwa mapajani, na jua la Oktoba halijui heshima. Turubai ni la waheshimiwa. Mgeni akishuka garini, ngoma hulia dakika chache, mshereheshaji husifu "utamaduni wetu", kisha kikundi hupewa nauli na soda. Aliyeandika risala hulipwa posho. Aliyeisoma hulipwa posho. Dereva wake naye hulipwa, tena ya kulala.

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, hafla zimeongezeka, na soda pia. Sera ya Utamaduni ya 1997 ipo. Basata, Baraza la Sanaa la Taifa, ipo kwa sheria ya 1984. Kinachokosekana ni kidogo tu: soda itambuliwe kuwa fedha halali. Benki Kuu itangaze kiwango cha kubadilishia kila asubuhi, ya baridi ikizidi thamani ile iliyopigwa jua. Ada za Basata zipokelewe kwa kreti. Mkopo wa vikundi unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri urejeshwe kwa soda, chenji itolewe kwa vizibo. Chupa tupu, ambazo mwandaaji huzihesabu kwa makini zaidi kuliko anavyohesabu wachezaji, ziwe pensheni.

Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo mzaliwa wa kijiji cha Doda, alifika na ala zake za ilimba na zeze hadi Uingereza, na watu wakakata tiketi kumsikiliza. Nyumbani, warithi wa fani yake huimba mpaka midomo ikauke, kisha huambiwa wasubiri wageni wale kwanza. Hiyo ni dharau, na kila aliyeshika kipaza sauti anaijua.

Radhi inaombwa kwa ukali huo, ni jua.

Mengine ni madogo. Turubai lisogezwe hatua mbili. Risala ipunguzwe. Bajeti ya hafla iwe na kifungu cha ngoma, malipo yaandikwe kabla ya siku. Tamasha la Muziki wa Cigogo, yaani Kigogo, lililoanza Chamwino mwaka 2009, limeshaonyesha kwamba watu husafiri kuifuata ngoma yenyewe, hata pasipo mkuu wa kupokelewa.

Nakala: Benki Kuu, kwa utekelezaji.
Msambazaji wa soda, kwa taarifa.