Namna ya Kuufunga Ubavu wa Ngazi

Minnesota kila nyumba inataka kuwa na shimo. Udongo huganda wakati wa baridi, kwa hiyo msingi hushushwa inchi 42 kusini mwa jimbo, 60 kaskazini. Ukishachimba hivyo, umekaribia kupata besimenti. Ngazi ya kuteremkia humo mara nyingi huachwa wazi ubavuni, na mtoto wa miaka miwili huliona pengo hilo kabla yako.

Ukitaka kujenga Jumamosi na kubomoa Jumapili, pima nguzo moja, kisha kata kumi za kimo hichohicho. Ukitaka ukuta usimame, anza na timazi. Ining'inize kwenye ubavu wa ngazi, ingoje itulie kabisa, tia alama sakafuni. Fanya hivyo ncha zote mbili, unganisha kwa uzi wa chaki. Hapo laza mbao ya 2 kwa 4 iliyotiwa dawa, maana zege hupitisha unyevu na mbao ya kawaida itaoza. Ukiipima utakuta ni inchi 1.5 kwa 3.5. Usirudi dukani kugombana. Randa ndiyo iliyokula.

Mimi napenda ukuta nusu unaoteremka pamoja na ngazi, inchi 42 juu ya kingo za vidato, ili mwanga ufike chini. Nguzo zikae inchi 16 kati kwa kati, kwa sababu ubao wa jipsamu una upana wa 48. Na hapa ndipo kwenye utamu: kidato kikiwa na kimo cha inchi 7.75 na kina cha 10, kila nguzo inakuwa fupi kuliko jirani yake kwa inchi 12.4. Itabiri ya tatu kabla hujaipima! Vipimo vikipishana kidogo, sakafu imeinama kuelekea tundu la maji, ifuate sakafu. Kisha funga kila nguzo kwenye ubavu wa ngazi kwa skurubu, la sivyo ukuta utayumba bibi akiushika.

Ukiacha kijimlango cha stoo chini ya ngazi, kanuni za ujenzi za Marekani zinataka humo ndani, kutani na chini ya vidato, jipsamu ya nusu inchi. Usiiruke. Moto ukiwaka, watoto watapandia ngazi hiyohiyo.