Ngeli za Familia Iliyokwenda Lwiro

Kitabu cha sarufi kinafundisha kwamba kila chenye uhai, awe mtu awe mnyama, huchukua upatanisho wa A-WA. Sisi wa Bukavu hatujawahi kukubaliana na kitabu hicho. Kwetu mtu "anakula", makaku "inakula", na ukimsahihisha mtoto atakutazama kama mgeni aliyeshuka boti ya Goma asubuhi hiyo. Mtafiti huyu, ambaye pia ni baba wa watoto wawili na ndiye aliyelipia hiace, alipata nafasi ya kulichunguza suala hili Jumapili moja, enzi ambazo barabara ya Kavumu haikuwa na fitina zaidi ya mashimo yake. Sampuli ilikuwa watu 11, dereva akiwemo.

Uwanja wa utafiti ni Lwiro, karibu na Katana, kilomita kama 45 kaskazini ya mji. Kwa kazi ya kuainisha hapana mahali panapofaa zaidi. Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha taasisi ya IRSAC, wakajenga majumba ya fahari katikati ya vilima, wakajaza humo nyoka, panya na majani makavu, kila kimoja na jina lake la Kilatini. Leo taasisi inaitwa CRSN, na tangu 2002, kwa ushirikiano na ICCN, shirika la taifa la hifadhi ya mazingira, hapohapo wanalelewa sokwe na kima waliookolewa. Mjini tunapaita "zoo". Mhudumu aliyetupokea alilikataa neno hilo kwa upole: zoo hutafuta wanyama, alisema, sisi tunaletewa.

Ngeli ya kwanza ni Wabebaji: mama watoto, shangazi wawili, na nyungu tatu zilizofungwa kwa kitenge. Tangu Miti hadi Kavumu hawakuangalia dirishani hata mara moja. Macho yalikuwa kwenye sombe, isimwagike. Walipoambiwa langoni kwamba hairuhusiwi kumpa mnyama chakula, wala kumsogelea, kwa sababu mafua yetu madogo yanaweza kumuua sokwe, walipokea habari hiyo kwa utulivu mkubwa. Hawakuwa na nia ya kugawa samaki wao wa sambaza kwa mtu ambaye hakuchanga.

Ngeli ya Wapigapicha haina haja ya maelezo marefu. Humpa mnyama mgongo, hunyanyua simu, hutabasamu, huondoka. Ukiwauliza jioni waliona nini, wanafungua simu kuangalia.

Tate, yaani babu yetu, ni ngeli peke yake. Hakumtazama sokwe. Alitazama mapaa. Alikuwa kijana wakati wa Wabelgiji, na kilichomshangaza miaka hiyo yote ni kwamba wazungu walilipa watu faranga ili walete panya, tena wazima, wasipondwe. "Na panya yenyewe hawakuila," alituambia mara tatu, kila mara akitushika mkono ili tuone uzito wa jambo.

Mjomba, mzaliwa wa Shabunda, ni wa ngeli ya Wathamini. Ngeli hii hutambulika kwa maswali: anakula kilo ngapi kwa siku, nani analipa, na, kwa sauti ya chini kidogo, nyama yake ikoje. Mhudumu alijibu yote bila kubadilisha sauti. Sokwe mchanga hamwachi mama yake, alieleza. Mgongoni au kifuani, ameng'ang'ania. Kwa hiyo ukimwona mtoto wa sokwe anauzwa barabarani, jua aliyemtoa alimuua mama kwanza. Mama huenda sufuriani, na mtoto, kwa kuwa hashibishi mtu, hutafutiwa mnunuzi wa kumfuga. Sheria inakataza yote mawili. Hapo kituoni wamo zaidi ya mia moja, na karibu kila mmoja alifika kwa njia hiyo. Mjomba alitoa leso akafuta miwani iliyokuwa safi. Mtafiti hakurekodi swali jingine kutoka ngeli hii.

Dereva alilala garini. Kama nomino zisizo na wingi, hatumjadili.

Wamebaki watoto, na hapa ndipo daftari lilipojaa. Nyuma ya uzio sokwe mmoja alikuwa amekaa na kipande cha muwa. Alikichana kwa meno, akavuta ganda refu hadi mwisho, akatafuna taratibu, kisha akayatema makapi kiganjani, akayachungulia kama bado yana sukari, akayarudisha mdomoni. Ndivyo anavyofanya mdogo wa nyumba yetu, naye hugombezwa kwa hilo.

"Papa, ile inafanya nini?" aliuliza mdogo huyo saa sita na nusu.

"Inakula muwa," nilijibu, nikiwa nimeacha sarufi nyumbani.

Hakusema kitu kwa muda mrefu. Nyuma yetu Wabebaji walikuwa wametandika kitenge kwenye majani, mbali na uzio kama walivyoagizwa, wakaanza kufunua nyungu. Harufu ya sombe ikaenda ilikokwenda. Sokwe akaacha kutafuna. Saa saba kasoro dakika tano mtoto alinivuta suruali, na mtafiti ananukuu neno kwa neno:

"Papa, ule anaangalia nyungu yetu."

Nilikuwa bado naandika pale mama yake alipogeuka, akamkagua sokwe kuanzia miguuni hadi kichwani, akarudisha kifuniko.

"Mwambie amalize kwanza muwa wake."