Kabla ya Kupiga Windows, Puliza Vumbi

Aibu ya kompyuta kuzimika yenyewe haizoeleki. Ni tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani za KRA, saiba imejaa hadi mlangoni, mteja amebakisha kitufe kimoja, na kile kisanduku kinachonguruma chini ya meza kinanyamaza. Sikrini nyeusi. Foleni nzima inamkodolea macho mwenye saiba kana kwamba ameiba kitu. Kinachofuata hakibadiliki, kuanzia Kaptembwa mpaka Lanet: mmoja atasema ina virusi, mwingine ipigwe Windows, na kabla ya jua kutua mashine imefutwa yote, picha za harusi zikiwemo. Nadai kwamba hukumu hiyo ni ya uonevu. Kompyuta kuukuu inayozimika ovyo katika mji huu wa Nakuru mara nyingi haiugui programu. Inasumbuliwa na stima, joto na vumbi, na kuipiga Windows ni kuteketeza ushahidi kabla kesi haijasikizwa.

Tuanze na stima, maana hapo ndipo penye utamu. Umeme wa ukutani ni volti 240, nao hupanda na kushuka katika mizunguko 50 kila sekunde. Kompyuta haiwezi kuula ulivyo. Inataka volti 12, 5 na 3.3, tena tulivu. Kazi ya kuutuliza ni ya pawa saplai, na ndani yake, kama ilivyo kwenye mathabodi, vimesimama vijikopo vinavyoitwa kapasita. Kapasita ni tangi la maji juu ya paa: mfereji ukikatika, nyumba inaendelea kuchota. Ila tangi hili, hata likiwa jipya, huvumilia kukatika kwa milisekunde 16 hivi, muda usiotosha hata kupepesa jicho. Lina kimiminika ndani, na kimiminika hukauka. Mafundi hukadiria kwamba joto likiongezeka nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Ikishakaa miaka kumi ikichemka chini ya meza, hata hizo milisekunde 16 haifikishi. Taa ikikonyeza, televisheni ya jirani haishtuki, lakini kompyuta imeshakwenda. Kisha kuna kioja: kapasita iliyokauka huwa mbovu zaidi kwenye baridi. Ndiyo sababu mashine inaweza kugoma kuwaka asubuhi ya Julai, ikapata joto, ikafanya kazi mpaka jioni bila kosa, fundi akaapa haina chochote, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Wala tusidhani ni balaa la mtumba peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita zenye kimiminika kibovu zilienea duniani, zikavimba vichwa na kupasuka, na mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kurekebisha mashine zake, zikiwemo OptiPlex. Nayo gridi yetu ina moyo mwepesi. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, nchi nzima ikakaa gizani zaidi ya saa tatu. Tumbili alinusurika; kuhusu pawa saplai za wananchi, taarifa haikutamka neno.

Joto nalo lina ujanja wa mji huu. Atakayesema Nakuru kuna baridi, kwa hiyo mashine haiwezi kuchemka, amepima ngozi yake, hajapima prosesa. Mji uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya tano. Feni inazunguka vilevile, ila hewa inayoisukuma inabeba joto kidogo. Ongeza udongo wa Bonde la Ufa, majivu ya volkano yanayopeperuka Januari hadi yakakaa kwenye chai. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa diatomaiti, mabaki ya mwani mdogo wa ziwa la kale, na mojawapo ya kazi zake viwandani ni kuzuia joto lisipite. Vumbi lililojaa kwenye mapezi ya kupoza prosesa linatufanyia kazi hiyohiyo bure. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujizima isiungue, nasi tunaiita mbovu kwa kosa la kujiokoa.

Utaniuliza: kama Windows haina hatia, mbona ikipigwa mashine inapona? Hebu tuhesabu yaliyotendeka. Ilichomolewa, ikapakiwa kwenye bodaboda, ikatikiswa njia nzima, ikafunguliwa, ikapulizwa kwa blowa, nyaya zikakazwa, ikapoa mezani kwa fundi; mwisho ndipo ikapigwa Windows. Sifa zote zikaenda kwa mganga wa mwisho. Jaribio la haki lipo: washa mashine kwa flashi yenye Linux, bila kuigusa Windows, uitumikishe. Ikizimika tena, Windows imeachiliwa huru. Nakubali kwamba sikrini ya bluu inayotaja draiva ileile kila mara ni kesi ya programu. Lakini ikizimika ghafla, Windows huandika tukio namba 41, maana yake mfumo umewaka upya bila kuzimwa vizuri. Yaani ilizimika kwa sababu ilizimika.

Yaliyobaki ni madogo. RAM ilegeapo, itoe, sugua meno yake kwa kifutio. Betri ya CR2032 ikifa, saa hurudi nyuma miaka. Na asiye na kisingizio aitaje miale ya angani: mwaka 2003 huko Schaerbeek, Ubelgiji, kompyuta ilimzidishia mgombea kura 4,096, na miale hiyo ikashukiwa kugeuza biti moja.

Pingamizi la mwisho ni rahisi kulitamka: nunua mpya. Anayelisema huwa ameshanunua. Mwaka 2023 serikali ilizindua huduma 5,000 za eCitizen na kutuambia gava sasa iko mkononi. Kwa mama wa Njoro asiye na simu ya kuifungulia, gava iko ndani ya kisanduku cha saiba, na kisanduku kikizimika, yeye ndiye anayelipia ukurasa mara mbili, na tarehe ikipita, faini ni yake. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuitunza Windows 10, na mashine nyingi za saiba hazifikii masharti ya Windows 11. Ofisi za serikali zilihamishiwa kwetu zikiwa na makataa na faini zake. Pawa saplai, feni na fundi tujigharimie wenyewe. Aliyehamisha ofisi angelipa walau blowa.