Steringi Hafi, Umeme Hukatika

Picha ya sikukuu ni filamu ya zamani ambayo kila aliyeketi sebuleni ameshaiona, anaujua mwisho wake, na bado atamnunia atakayeutaja. Hutazamwa Krismasi, Idi, Pasaka au Mwaka Mpya, kuanzia kama saa nane mchana, pilau likiwa limeshawalaza nusu ya watazamaji. Haichaguliwi kwa ubora. Huchaguliwa kwa kuwa inastahimili usumbufu: mtu hutoka akapokea wageni, akawasindikiza wengine hadi kituoni, akarudi na kumkuta steringi bado anapigana na adui yuleyule. Na kwa kuwa hadithi inajulikana, macho hubaki na kazi moja tu ya kukagua. Hapo ndipo filamu iliyogharimu mamilioni ya dola hupimwa kwa kanuni za nyumbani: nani atalipa hasara, nani aliachiwa watoto, na kwa nini yule bwana hakuvaa viatu.

Asili ya desturi hii si ya kujivunia sana. It's a Wonderful Life, iliyoongozwa na Frank Capra, ilitoka mwaka 1946 na haikuleta faida. Mwaka 1974 hakimiliki yake iliisha muda bila kuhuishwa, na vituo vya televisheni vya Marekani vikabaini kwamba vinaweza kuionyesha bure. Vikaionyesha kila Desemba bila huruma, mpaka Wamarekani wakaona Krismasi isiyo na picha hiyo haijatimia. Ubahili ukazaa mila.

Filamu yenyewe inamhusu George Bailey, anayetaka kujiua mkesha wa Krismasi kwa sababu baba yake mdogo amepoteza dola 8,000 za chama chao cha mikopo ya nyumba. Malaika anamwokoa, kisha mji mzima unamiminika kwake na fedha mkononi. Sebule za Kiswahili haziulizi lolote kuhusu malaika. Zinauliza kuhusu mchango. Pesa zinamwagwa mezani bila kamati, bila mhasibu, bila daftari la nani katoa na nani kaahidi, na anayeingia amebeba kapu lililojaa noti ni baba mdogo yuleyule aliyepoteza zile za kwanza. Tajiri Potter, aliyezikuta dola 8,000 na kuzikalia kimya, haadhibiwi kabisa. Picha inakwisha zikiwa kwake. Kasoro nyingine husamehewa. Theluji yote ile ni povu la kuzimia moto lililochanganywa na sabuni na maji, kwani kazi ilifanyika wakati wa kiangazi na waigizaji walivaa makoti mazito kwenye joto. Aliyebandika pamba kwenye matawi ya mvinje mjini Dar es Salaam, Desemba, huku shati limemgandia mgongoni, hawezi kuwacheka.

Home Alone ya mwaka 1990 ni picha ya Krismasi ya kukusudia. Iliongozwa na Chris Columbus, ikaingiza zaidi ya dola milioni 470, na nyumba inayoonekana ipo kweli huko Winnetka, kaskazini mwa Chicago. Mtoto Kevin, wa miaka minane, anasahauliwa nyumbani ukoo wake unapopanda ndege kwenda Paris. Chanzo cha mkasa wote ni kwamba usiku upepo umekata umeme, saa za kuamshia zikazimika, na asubuhi kila mtu kaamka amechelewa. Hapo sebule hucheka kuliko inavyocheka mahali palipokusudiwa. Familia inayomsahau mtoto kwa sababu ya umeme kukatika usiku mmoja, husemwa, isingemaliza wiki Mbagala ikiwa bado na mtoto hata mmoja.

Kosa la pili ni la hesabu. Binamu anayehesabu vichwa anamjumlisha mtoto wa jirani aliyekuja kupekua mizigo, hivyo idadi inatimia. Kosa hili halishangazi hata kidogo. Mtoto wa jirani huhesabiwa kila siku, tena wakati wa kula. Kinachoshangaza ni kwamba naye hakupelekwa Paris. Baada ya hapo Kevin anawategea wezi wawili pasi, makopo ya rangi na kitasa cha mlango kilichopashwa mpaka kikawa chekundu, na huruma ya watazamaji wenye nyumba za kupanga huhamia kwa mwenye nyumba. Wezi wataponyoka au watakamatwa, yote sawa. Ile rangi ukutani itakatwa kwenye amana ya nani?

Die Hard huleta mjadala kila mwaka, kama ni picha ya Krismasi au siyo. Wanaokataa husema ilitoka Julai 1988 na kwamba watu wanauawa mno. Wanaokubali husema mkasa wote unatokea kwenye sherehe ya Krismasi ya ofisini, katika jengo ambalo kwa kweli ni Fox Plaza, Los Angeles. Sebule haina muda na mjadala huo kwa sababu imeng'ang'ania miguu. Mwanzoni kabisa abiria mmoja anamshauri steringi kwamba akifika, avue viatu na soksi, akunje vidole vya miguu juu ya zulia, na uchovu wa ndege utaisha. Steringi anafuata ushauri wa mtu asiyemjua, majambazi wanavamia, naye anabaki peku hadi mwisho, akipita hata juu ya vioo vilivyovunjika. Bruce Willis alivalishwa nyayo za mpira kwa kazi hiyo, lakini taarifa hii haipunguzi hasira ya wazee. Ofisi ya ghorofa zote zile, na isiwe na kandambili za chooni?

Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa karibu, maana katika Home Alone nako mwizi mmoja anavuliwa viatu na lami iliyopakwa kwenye ngazi, kisha anaingia dirishani na kukanyaga mapambo ya kioo ya mti wa Krismasi. Filamu mbili, zilizopishana miaka miwili, na katika zote mwanamume mzima anakanyaga vioo bila viatu katika msimu wa kuzaliwa Bwana. Akina mama hutoa hukumu moja kwa filamu zote mbili: hakuna aliyefagia.

Hizo zote ni kundi la picha za Krismasi. Kundi la pili ni picha ambazo hazina sikukuu yoyote ndani yake, ila zimepewa uraia wa sikukuu na watazamaji. Kinara wake ni Commando ya mwaka 1985. Arnold Schwarzenegger ni askari mstaafu ambaye binti yake ametekwa, naye ana saa kumi na moja tu kumwokoa. Utazamaji wa makini wa hivi karibuni umeonyesha mambo ambayo miaka ya kanda za video yalifunikwa na chenga. Steringi anapiga kasia hadi kisiwa cha maadui akiwa na chupi ya kuogelea tu, na kuvaa anavalia hapohapo ufukweni, huku silaha zikiwa nyingi kuliko nguo. Walinzi wengi wanamlenga na risasi zote zinapita kando. Adui mkuu, Bennett, amevaa kizibao cha minyororo ambacho kwa mbali kinafanana na sweta lililofumwa na bibi, na ni vigumu kumwogopa mtu aliyevaa sweta la bibi. Hata hivyo hakuna anayeruhusu kituo kibadilishwe. Commando imekosolewa kwa kila kipengele na haijawahi kuzimwa.

Sheria inayotawala kundi hili ni kwamba steringi hafi. Sholay inaijaribu vikali. Ilizinduliwa tarehe 15 Agosti 1975, sikukuu ya uhuru wa India, ina zaidi ya saa tatu, na Amitabh Bachchan anakufa humo. Kifo hicho kimevunja urafiki mwingi kuliko siasa. Upande mmoja husema sheria imevunjwa. Upande wa pili, ulio na wengi, hushikilia kwamba steringi ni Dharmendra, kwa kuwa amebaki hai na ameondoka na mwanamke, na kwamba Amitabh alikuwa rafiki yake steringi tu. Kwa hoja hii sheria haiwezi kuvunjwa kamwe: anayekufa huvuliwa cheo.

Mwisho wa Sholay nao ulibadilishwa. Awali Thakur, aliyekatwa mikono na jambazi Gabbar Singh, alimuua adui wake kwa viatu vyenye misumari. Wakaguzi wa filamu, India ikiwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Juni mwaka huohuo, hawakutaka raia ajichukulie sheria mkononi, ikabidi polisi watokee kumkamata Gabbar. Sebule hupokea mwisho huo kwa guno. Polisi waliokosekana kwa saa tatu nzima hufika wakati kazi imeshakwisha, na hilo ndilo jambo pekee katika filamu hiyo ambalo hakuna anayelitilia shaka. Viatu, kwa mara nyingine, vingemaliza kesi.

Titanic ya mwaka 1997 huwekwa kundi hilohilo kwa shida. Kifo cha steringi wake, Jack, kimeshatolewa maoni na kila mtu aliyewahi kuona ubao. Kisichokumbukwa sana ni kwamba enzi za deki ilikuja katika kaseti mbili. Nyumba iliyofanikiwa kuazima ya kwanza pekee ilipata hadithi nzuri ya mapenzi ambayo wahusika wake wote wawili wako hai, na baadhi ya nyumba hizo hazikuona sababu ya kuitafuta ya pili.

Katika mwambao, Ramadhani na Idi zina picha yao, The Message ya mwaka 1976. Moustapha Akkad aliipiga mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, kwa waigizaji tofauti. Mtume haonekani wala hasikiki. Kamera hukaa mahali pake na watu huzungumza wakiielekea. Katika ile ya Kiingereza Hamza ni Anthony Quinn na Hind ni Irene Papas, na hapo ndipo ajali hutokea. Mzee aliyemzoea Hamza huyo akikutana na Zorba the Greek ya mwaka 1964 atamwona Hamza anacheza ngoma ufukweni, na Hind ni mjane wa kijijini. Mshtuko mkubwa zaidi ni kuelezwa kwamba Akkad, aliyetoa picha ya kheri kiasi hicho, ndiye aliyegharamia Halloween ya mwaka 1978, ya mtu mwenye kinyago na kisu. Habari hii haipaswi kutolewa kabla ya futari.

Afrika Mashariki imechangia kundi hili kwa namna mbili. Ya kwanza ni wafasiri. Katika vibanda umiza vya Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Kenya ikampata DJ Afro. Mfasiri wa kweli hafungwi na maneno ya mwigizaji. Huongeza utani, hushauri, humkaripia adui, na wengi waliokuja kuona filamu zilezile bila mfasiri wamelalamika kwamba zimekatwa.

Ya pili ni Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, kazi ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, yenye bunduki za vyuma chakavu na helikopta za kompyuta. Nakala isiyo na mfasiri haikusalia. Iliyobaki ni ile ambayo VJ Emmie anashangilia juu yake mwanzo hadi mwisho. Mashabiki wa ng'ambo wanaipenda kupita kiasi. Kasoro iliyobainika ni moja, kwamba filamu haisemi nani alimuua Kapteni Alex. Kwa picha ya sikukuu hiyo ni sifa, maana ndiyo pekee ambayo shangazi hawezi kuuharibu mwisho wake.

Shangazi ni sehemu ya vifaa, pamoja na rimoti na umeme. Rimoti huwa imefungwa kwa nailoni, betri zake zimeanikwa juani asubuhi, na kitufe kinachofanya kazi vizuri kuliko vyote ni cha kuongeza sauti. Hupotea chini ya makalio ya mtoto sekunde ileile ambayo steringi anamsogelea mwanamke kumbusu. Babu hukohoa, baba husoma maandishi ya kalenda ukutani, wasichana wanne kwa mpigo hukumbuka maji jikoni. Busu likiisha, rimoti huonekana.

Umeme hukatika dakika za mwisho. Hapo shangazi huanza.

"Basi yule mwenye sweta anachomwa na bomba hapa."

"Shangazi, usimalizie!"

"Mwanangu, si uliiona hata mwaka jana?"

Aliiona, hadi dakika hiyohiyo umeme ulipokatika. Kuna watu wazima wenye familia zao ambao wamejua mwisho wa Commando kwa simulizi tu, na katika simulizi hizo Bennett amekufa kwa bomba, kwa kisu, kwa nyoka, na mara moja kwa presha. Umeme hurudi saa mbili usiku, kituo kikiwa kimeshaingia kwenye taarifa ya habari, na taarifa ya habari humkuta baba akiwa macho, kwa hiyo haibadilishwi.